Songgot, tamthilia yake, Cart au Weabak: uanze na simulizi ipi ya wafanyakazi wa supamaketi za Korea Kusini?

Mtu anayetaka kuelewa jinsi wafanyakazi wa madukani nchini Korea Kusini walivyopigania haki zao ana kazi nne kubwa za kuchagua, na zote zimetokana na mnyororo mmoja wa supamaketi. Ya kwanza ni Songgot, katuni ya mtandaoni ya mchoraji Choi Gyu-seok, iliyotoka kwa awamu kwenye jukwaa la Naver kuanzia mwaka 2013 hadi 2017 na kukusanywa katika vitabu sita. Ya pili ni tamthilia ya televisheni yenye jina hilohilo, iliyorushwa na kituo cha JTBC mwaka 2015. Ya tatu ni Cart, filamu ya mwongozaji Boo Ji-young iliyoingia kwenye kumbi za sinema mwaka 2014. Ya nne ni Weabak, filamu ya hali halisi ya Kim Mi-re ya mwaka 2009. Kwa kuwa ni watu wachache wenye nafasi ya kuzipitia zote kwa mkupuo, na kwa kuwa kila moja inajibu swali tofauti, nimeona ni vyema kuziweka bega kwa bega ili msomaji aamue kwa kujua anachokwenda kukipata.

Vigezo nilivyotumia ni vitano. Cha kwanza ni tukio halisi lililo nyuma ya simulizi na jinsi simulizi ilivyo karibu au mbali nalo. Cha pili ni nani amewekwa katikati, kwa maana mgomo uleule unaosimuliwa na msimamizi wa kitengo si mgomo unaosimuliwa na keshia. Cha tatu, ambacho kwangu ndicho kizito zaidi, ni kiasi ambacho kazi inaonyesha chama cha wafanyakazi kinavyojengwa, hatua kwa hatua, na si kinavyoshangiliwa tu. Cha nne ni namna mwajiri na sheria vinavyochorwa. Cha tano ni mambo ya kawaida ya mtazamaji na msomaji: muda, lugha na njia ya kuipata kazi yenyewe. Ubora wa uchoraji au uigizaji sikuufanya kigezo cha peke yake, kwa sababu zote nne zimetengenezwa na watu wanaoijua kazi yao.

Tukio lililo nyuma ya kila simulizi

Kampuni ya Ufaransa ya Carrefour iliingia Korea Kusini mwaka 1996, ikaondoka mwaka 2006 baada ya kuuza maduka yake 32 kwa kampuni ya Kikorea ya E-Land, ambayo iliyabadilisha jina yakawa Homever. Miaka miwili baadaye, mwaka 2008, maduka hayo yaliuzwa tena, safari hii kwa Samsung Tesco, na kuingizwa katika mnyororo wa Homeplus. Wafanyakazi walibaki walewale huku majina juu ya mlango yakibadilika, na jambo hilo ni muhimu kulikumbuka, kwa sababu katuni na tamthilia zinashughulikia kipindi cha kwanza, cha Carrefour, wakati filamu zote mbili zinashughulikia cha pili, cha Homever.

Songgot imewekwa mwaka 2003, ndani ya supamaketi ya kubuni iitwayo Pureumi inayomilikiwa na Wafaransa. Msomaji wa Korea alitambua mara moja kuwa inayosemwa ni Carrefour na chama chake cha wafanyakazi cha miaka ile, lakini mchoraji alibadilisha majina na kujipa uhuru wa kuunda wahusika. Tamthilia inafuata msingi huohuo. Kwa hiyo hapa tunasoma hadithi ya kubuni yenye mifupa ya kweli, na undani wake, kuanzia namna barua za onyo zinavyoandikwa hadi mpangilio wa viti kwenye meza ya mazungumzo, unaonyesha kuwa mwandishi alikaa na watu waliopitia mambo hayo.

Cart na Weabak zinatokana na mgomo wa Homever wa mwaka 2007, ambao hauwezi kueleweka bila kuijua sheria iliyouchochea. Tarehe 1 Julai 2007 ilianza kutumika sheria ya kuwalinda wafanyakazi wa mkataba, iliyosema kwamba mtu aliyefanya kazi kwa mkataba zaidi ya miaka miwili ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa kudumu. Nia ilikuwa njema, ila waajiri walipata njia ya kuikwepa: kutohuisha mikataba kabla miaka miwili haijatimia, au kuzikabidhi kaunta za malipo kwa kampuni ya nje ili makeshia wasiwe tena waajiriwa wa duka. Tarehe 30 Juni 2007, siku moja kabla sheria haijaanza kufanya kazi, mamia ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, walikaa chini kwenye kaunta za tawi lililo karibu na Uwanja wa Kombe la Dunia jijini Seoul. Walikuwa wamepanga kulala pale usiku mmoja. Walikaa wiki tatu, mpaka polisi walipowabeba na kuwatoa nje tarehe 20 Julai, na mgomo wenyewe uliendelea kwa siku 510, hadi Novemba 2008. Wengi walirudishwa kazini, lakini baadhi ya viongozi walikubali wao wabaki nje ili wenzao warudi.

Weabak ni kamera iliyokuwapo pale. Cart ni filamu ya kubuni iliyochukua kiini cha tukio hilo na kukitia katika duka lililopewa jina la The Mart. Ukizipanga kwa ukaribu na tukio, Weabak iko mbele, Cart inafuata, kisha Songgot na tamthilia yake, ambazo pia zinazungumzia miaka ya kabla. Hapa niseme neno kwa msomaji wa Kenya: Carrefour iliyofungua milango Nairobi mwaka 2016 inaendeshwa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai kwa haki ya kutumia jina, tofauti na Korea ambako Wafaransa waliendesha maduka wenyewe. Kwa hiyo simulizi hizi zisisomwe kama taarifa kuhusu duka la mtaani kwake, ingawa kaunta, sare na zamu atazitambua bila kuelezwa.

Nani yuko katikati

Katika Songgot aliye katikati ni Lee Soo-in, msimamizi wa kitengo cha mboga na matunda, kijana aliyepitia chuo cha maofisa wa jeshi na kuondoka jeshini kwa sababu hakuweza kunyamazia mambo aliyoyaona si haki. Si mtu wa kupendeza sana. Ni mkavu, hana utani, anafuata kanuni mpaka anawachosha watu, na upinzani wake unaanza kwa sentensi moja tu ya kiofisi: anaambiwa awaondoe watu wa kitengo chake, naye anajibu kwamba hilo ni kinyume cha sheria. Kumweka mtu wa ngazi ya kati pale kunaipa katuni faida kubwa, kwa sababu tunaona shinikizo likitoka juu na kuteremka kupitia kwake. Tunamwona mkubwa wake akimwita, wenzake wakianza kumkwepa kwenye kantini, na walio chini yake wakishindwa kujua kama wamwamini. Hasara yake ni kwamba makeshia na wauza samaki, ambao ndio walio wengi, kwa muda mrefu tunawaona kwa macho yake.

Mhusika wa pili ni Gu Go-shin, mzee wa harakati anayeendesha ofisi ndogo ya ushauri wa mambo ya kazi. Kupitia mdomo wake katuni inatoa wazo ambalo kwangu ndilo linaloitofautisha na simulizi nyingi za wanyonge na wenye nguvu. Anamweleza Soo-in kwamba kazi hii haiwi ya kumlinda mnyonge mwema dhidi ya mwenye nguvu mwovu. Mara nyingi ni kupigana na watu wenye nguvu wa kawaida kwa ajili ya wanyonge wa kawaida, wenye uchoyo wao, woga wao na majungu yao. Aliyewahi kuwaandikisha watu kwenye chama anajua jinsi maneno hayo yalivyo mazito, maana wengi wanaovunjika moyo huvunjwa na wenzao kabla ya kuvunjwa na mwajiri.

Tamthilia inawabeba wahusika hao karibu walivyo. Ji Hyun-woo anamcheza Soo-in kwa ukavu uleule, na Ahn Nae-sang anampa Gu Go-shin joto na ucheshi ambao kwenye karatasi unaonekana kwa mbali tu. Mtazamaji anayehitaji kumpenda mtu ili aendelee na hadithi atasaidiwa sana na Ahn.

Cart inageuza meza. Katikati yuko Sun-hee, keshia anayechezwa na Yum Jung-ah, mama aliyefanya kazi miaka mitano bila alama ya adhabu na ambaye amekwisha kuahidiwa ajira ya kudumu. Pembeni yake wako Hye-mi, mama anayelea mtoto peke yake, na Soon-rye, mfanya usafi mwenye umri mkubwa anayechezwa na marehemu Kim Young-ae kwa namna ambayo haisahauliki. Filamu inafanya jambo ambalo katuni haikulifanya kwa ukamilifu: inawafuata wanawake hawa hadi nyumbani. Mwana wa Sun-hee, Tae-young, anayechezwa na Do Kyung-soo wa kundi la muziki la EXO, anafanya kibarua kwenye duka dogo ili apate pesa ya safari ya shule, na mwenye duka anamdhulumu malipo yake. Mama yake anapokwenda kumtetea, mtoto anaelewa kwa mara ya kwanza mama anachokifanya kule supamaketi. Mandhari hayo ni mafupi, lakini yanaeleza zaidi ya hotuba.

Katika Weabak hakuna shujaa. Kuna wanawake wengi, sauti nyingi, na kamera isiyojaribu kumchagua mmoja awe nyota. Wanapika wali, wanaimba, wanalala kati ya kaunta walizozoea kusimama, na wanazungumza wazi juu ya waume waliobaki na watoto na nyumba. Kwa wengi wao kulala nje ya nyumba kwa hiari ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao. Mtazamaji anaweza kupotea kidogo mwanzoni kwa kukosa mtu wa kumshika mkono, lakini anachopata ni uhalisia ambao mwigizaji hawezi kuutoa.

Chama kinavyojengwa

Hapa Songgot iko peke yake, na sina budi kukaa hapa kwa muda. Sheria ya kazi ya Korea Kusini hairuhusu kumfukuza mtu bila sababu ya haki, kwa hiyo kampuni katika katuni haitoi barua za kufukuza. Inawaagiza wasimamizi wawafanye wafanyakazi waondoke wenyewe. Mtu anabadilishiwa kazi kila mara, anakemewa mbele ya wenzake kwa kosa dogo, anaitwa ofisini kuandika maelezo, anaachwa bila wa kuzungumza naye. Katuni inayaonyesha haya moja baada ya jingine, polepole, mpaka msomaji anaelewa kwamba unyanyasaji huo ni mpango, wala hautokani na hasira za bosi.

Kisha inaonyesha majibu. Soo-in anajiunga na chama ambacho kipo kwa jina tu. Inabidi ajifunze nani azungumze naye kwanza na wapi, kwa sababu mtu anayeonekana naye anaweza kuandamwa kesho yake. Anajifunza kwamba watu hujiunga kwa hasira na kuondoka kwa hofu, na kwamba kazi ya kiongozi ni kuwapa sababu ya kubaki pale hasira inapopoa. Yupo mfanyakazi anayeburutwa mbele ya kamati ya nidhamu, na tunaona jinsi utaratibu, karatasi na tarehe zinavyoweza kumwokoa mtu ambaye kelele zisingemwokoa. Mazungumzo na mwajiri yanachorwa kama kazi ya subira: nani anasema, nani ananyamaza, lini mtu anasimama kutoka mezani, na kwa nini ahadi ya mdomo haina thamani mpaka iwe makubaliano ya pamoja yaliyotiwa saini.

Sehemu moja naitaja kwa sababu inagusa kila nchi yenye makampuni ya kigeni. Soo-in anashangaa kwa nini Wafaransa, ambao kwao vyama vya wafanyakazi vina nguvu, wanakuja Korea na kufanya mambo ambayo wasingeyafanya kwao. Gu Go-shin anamjibu kwamba wanafanya kwa sababu hapa inawezekana: hawaadhibiwi, hawalaumiwi, na wanapata faida, basi ni nani atakayekubali hasara kwa kutii sheria asiyolazimishwa kuitii? Kisha anaongeza kwamba mahali mtu anaposimama pakibadilika, anachokiona nacho hubadilika. Jibu hilo halimtoi lawamani mwajiri, bali linarudisha kazi kwa wafanyakazi wenyewe, kwa sababu kinachoweza kubadilisha hesabu hiyo ni wao kujipanga.

Tamthilia inayo mengi ya haya, mara nyingine neno kwa neno, na kuna mandhari ya mafunzo ya wafanyakazi ambayo yanapendeza zaidi yakitazamwa kuliko yakisomwa, kwa kuwa unaona nyuso za wanaosikiliza zikibadilika. Hata hivyo ilimaliza kurushwa Novemba 2015, wakati katuni iliendelea hadi 2017. Aliyetazama tamthilia peke yake hajaiona njia yote ya katuni, hasa sehemu za mwishoni ambako uchovu, mgawanyiko na hesabu ya nani arudi na nani abaki vinakuwa ndiyo hadithi yenyewe.

Cart haina nafasi ya kufundisha. Chama kinazaliwa katika mandhari machache, na muda wa miezi umebanwa ukawa dakika. Sidhani hilo ni kasoro, kwa maana filamu ilichagua kuonyesha gharama: bili isiyolipwa, mtoto anayekasirika, mwenzako anayekubali ofa ya kampuni na kurudi kazini huku akiinamisha kichwa. Kuna jambo lingine linaloonyesha watengenezaji walijua wanachokifanya. Cart ilianza kuonyeshwa Korea tarehe 13 Novemba 2014, siku ya kumbukumbu ya Chun Tae-il, fundi wa viwanda vya nguo aliyejichoma moto jijini Seoul tarehe 13 Novemba 1970 akidai sheria ya kazi iheshimiwe. Mkorea yeyote wa vyama vya wafanyakazi anaijua tarehe hiyo.

Weabak haifundishi hatua, lakini inaonyesha kitu ambacho vitabu vya mafunzo huruka: siku za katikati za mgomo, ambapo hakuna kinachotokea, na watu inabidi wapike, wacheke, wagombane na wapatane ili kesho wawepo. Inaonyesha pia pengo kati ya wanawake waliokaa sakafuni na uongozi wa juu wa harakati, ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa wa wanaume. Anayefanya kazi katika chama chenye wanachama wengi wanawake na viongozi wengi wanaume atayasikia maneno hayo kama yamesemwa kwake.

Mwajiri na sheria

Katuni na tamthilia zinajitahidi kumwonyesha mkubwa wa kazi kama mtu mwenye mkubwa wake. Wasimamizi wanaotesa wafanyakazi nao wanahesabiwa, wanatishwa na kushindanishwa, na baadhi yao unawaonea huruma hata pale wanapofanya jambo baya. Cart ni wazi zaidi katika kugawa pande, ingawa inaye Dong-joon, msimamizi anayechezwa na Kim Kang-woo, anayevuka na kujiunga na wafanyakazi. Katika Weabak mwajiri haonekani sana. Wanaoonekana ni polisi, na kutoonekana kwa mwenye duka kunaleta maana yake.

Kwa upande wa sheria, msomaji ajue kwamba ibara ya 33 ya Katiba ya Korea Kusini inampa mfanyakazi haki ya kujiunga, ya kujadiliana kwa pamoja na ya kuchukua hatua ya pamoja. Simulizi zote nne zinaishi katika umbali ulio kati ya ibara hiyo na sakafu ya duka. Silaha inayotajwa mara kwa mara katika migomo ya nchi hiyo ni madai ya fidia: kampuni inawashtaki viongozi wa mgomo ili walipe hasara ya mauzo, na mshahara wao unaweza kuzuiliwa kabla kesi haijaisha. Ukilijua hilo mapema, utaelewa kwa nini wahusika wanaogopa mambo yanayoonekana madogo.

Muda, lugha na upatikanaji

Cart ni ya chini ya saa mbili, na Weabak ni ya saa moja na robo hivi. Tamthilia ina vipindi 12 vya takriban saa moja kila kimoja, kwa hiyo ni kazi ya wiki mbili kwa mtu mwenye ajira. Katuni ni vitabu sita, na si ya kupitiwa haraka, maana maneno ni mengi na kila jibu lina uzito.

Lugha ndiyo inayoamua kwa wengi wetu. Songgot iliandikwa kwa Kikorea, lakini imechapishwa kwa Kifaransa na Rue de l'échiquier kwa jina la Intraitable. Hiyo ni habari njema kwa wasomaji wa Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura na Kigali wanaosoma Kifaransa, ambao katika jambo hili wako mbele ya wenzao wa Dar es Salaam na Mombasa. Kwenye mtandao picha zilipangwa zisomwe kwa kushusha skrini ya simu, na mchoraji anaitumia nafasi tupu kati ya picha kama kimya cha mazungumzo. Kwenye kitabu kimya hicho hupungua, ingawa mchoro wenyewe, wenye nyuso za watu waliochoka na wasiorembeshwa, unaonekana vizuri zaidi. Aliyetazama Hellbound kwenye Netflix ameshakutana na Choi Gyu-seok bila kujua, kwani ndiye aliyeichora katuni ya simulizi hiyo akishirikiana na mwongozaji Yeon Sang-ho.

Tamthilia hutafutwa kwa jina la Kiingereza la Awl. Ushauri wangu wa dhati ni kuitazama ikiwa na maandishi ya tafsiri chini ya picha, si kwa sauti ya msimuliaji tuliyoizoea katika tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Msimuliaji mzuri huibeba hadithi ya mapenzi au ya vita bila tabu, lakini Songgot imejengwa kwa hoja za kisheria na mabishano ya maneno, na hoja ikifupishwa mara tatu mfululizo mtazamaji anabaki na watu wanaogombana bila kujua wanagombania nini. Cart inavumilia tafsiri ya sauti vizuri zaidi, kwa sababu mengi yake yanaonekana kwenye nyuso. Weabak isitazamwe kwa sauti ya msimuliaji kabisa, maana sauti za wanawake wale, vicheko na nyimbo zao, ndizo filamu yenyewe.

Uchague kulingana na hali yako

Ikiwa wewe ni mwakilishi wa wafanyakazi, au unafikiria kuanzisha tawi la chama mahali unapofanya kazi, chukua katuni, hata kama itakubidi usome Kifaransa kwa kamusi. Kama hilo haliwezekani, tamthilia inatosha kukupa nusu kubwa ya mafunzo, na vipindi vyake vya kwanza vinne vinaweza kutazamwa na kikundi kidogo na kujadiliwa kimoja kimoja. Sheria za kwenu ni tofauti na za Korea, kwa hiyo kinachochukuliwa ni namna ya kupanga na kusikiliza, si vifungu.

Ikiwa wewe ni msimamizi wa ngazi ya kati, uliye na watu chini yako na amri kutoka juu yako, Songgot kwa namna yoyote kati ya hizo mbili imeandikwa kwa ajili yako kuliko kwa ajili ya mtu mwingine yeyote. Cart itakuumiza, lakini haitakuonyesha hesabu unazozifanya usiku.

Anayetaka kuitazama pamoja na familia, mzazi na kijana wake wa sekondari kwa mfano, achague Cart. Hadithi ya Tae-young itamshika kijana, hasa kama ni mpenzi wa EXO, na mzazi atajiona katika Sun-hee. Ina mandhari ya vurugu wakati wa kuwatoa wagomaji, hivyo si ya watoto wadogo. Hata mtu ambaye hajawahi kufuatilia mambo ya vyama vya wafanyakazi na hana hakika kama yatampendeza anafaa kuanzia hapo, kwa kuwa haimdai ajue chochote kabla.

Kwa mwanafunzi au mtafiti wa kazi na jinsia, Weabak ndiyo inayotangulia, kisha Cart, akiangalia ni kipi filamu ya kubuni ilikiacha na ni kipi ilikiongeza. Nampa tahadhari moja tu: Weabak inachukulia kwamba mtazamaji anajua sheria ya Julai 2007 na historia ya kuuzwa kwa maduka yale, kwa hiyo asome juu ya mambo hayo kwanza.

Mpenzi wa katuni anayetafuta kazi ya watu wazima, isiyo na mapigano wala miujiza, ataridhika na Songgot, mradi akubali mwendo wake wa polepole. Aliyezoea simulizi zinazomlipa msomaji ushindi kila baada ya sura chache huenda akaiweka chini kabla ya kitabu cha pili, na kwake tamthilia ni mlango bora zaidi.

Na kwa chama kinachotafuta kitu cha kuwaonyesha wanachama jioni moja baada ya zamu, ukumbi ukiwa na makeshia na wafanya usafi wengi, ningeweka Weabak, nimwombe mtu mmoja aeleze kwa dakika kumi yaliyotokea Seoul mwaka 2007, kisha niache nusu saa mwishoni kwa ajili ya wanawake waliopo kuzungumza.